Boga la Kwanza Lilipasuka

Harufu ya boga bichi likichunwa hunirudisha jikoni kwetu Acocks Green, mtaa wa Birmingham, maganda yamejaa mezani na mama anagombana na sisi sote. Siku hizi mimi ndiye ninayeitwa kuchonga maboga ya sura, yale yenye pua iliyotokeza na mashavu ya kushikika, na niwaambie bila haya: kazi hii naijua. Ila nilianza kwa mdomo.

Nilikuwa msichana wa miaka tisa. Shuleni kulikuwa na maonyesho ya maboga, nami nikalitangazia darasa zima kwamba baba yangu, mchongaji kutoka Ukambani, angeleta boga lenye sura ya mtu hasa, si matundu ya macho tu. Wakanicheka. Wao walimjua baba kwa ile sare yake ya nyumba ya wazee, alikofanya kazi ya kuwahudumia. Nisipopeleka boga Jumatatu, ningeitwa mwongo hadi nimalize shule.

Baba hakuwa amechonga tangu tuhamie Birmingham. Hata hivyo alinunua maboga mawili mazito, akaitoa sandukuni tezo yake ya kuchongea magogo, akaketi sakafuni na kulibana la kwanza kwa nyayo, jinsi wachongaji wa kwao wanavyobana gogo. Akapiga mara moja. Paa! Likapasuka vipande viwili, mbegu zikaruka hadi kwenye jiko.

Nililia, jamani. Baba aliitazama ile tezo kwa muda, kisha akasema, "Mpingo na boga wapi na wapi! Hiki si chombo chake." Akachomoa droo nzima ya jikoni, akaiweka mbele yangu. "Chagua wewe."

"Mimi?" nikamuuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yangu.

"Kwani kuna mwingine hapa?"

Nikajaribu kila kitu kwenye vile vipande. Kisu cha mkate kiliirarua nyama ya boga. Kile cha kumenyea viazi kilichuna ganda vizuri, lakini kwenye shimo la jicho hakikuingia. Kijiko cha chai ndicho kilichonikosha roho: baba alinionyesha namna ya kuunoa ukingo wake kwenye kizingiti cha mawe, nacho kikaanza kukwangua utepe mwembamba, safi. Mama alikuwa akiokota vipande na kuvitia sufuriani, akiuliza kama huko shuleni watu hawali.

Boga la pili nililichonga mimi. Baba alikaa na mikono kwapani, akisema tu: "Anza na pua. Polepole mama, haitoroki hiyo. Sasa shavu. Mbona unalinyima?"

Jumatatu wale walionicheka walipanga foleni kulishika shavu la boga langu. Mwalimu alipompongeza baba, aliyekuwa amenisindikiza, yeye akajibu, "Ni kazi ya binti yangu." Niliudhika sana, maana niliyekuwa nimemsifia ni yeye.

Mwaka juzi kikombe kilimponyoka baba, ndipo akaniambia. Vidole vyake vilikuwa na ganzi tangu kabla ya boga lile, kwa kuinua wazee vitandani, na hakumwambia mtu asije akaachishwa kazi. Wala kosa halikuwa la tezo: mchongaji mwenye mikono mizima huliparua boga kwa tezo bila kulipasua. Mimi mwenyewe nafanya hivyo. Kwa pigo lile moja baba alijua kwamba uchongaji wake umekwisha, na kabla machozi yangu hayajakauka alikuwa ameshachagua mikono mingine.