Hesabu ya Ishirini na Sita

Vijana wa bodaboda wa mtaani kwetu wana mtindo wa kuchonga silinda za pikipiki zao ili waweke pistoni kubwa zaidi. Ikipita moja dirishani, na ule mlio mzito na harufu ya petroli, mimi huacha ninalolifanya na kuanza kuhesabu kimoyomoyo. Mume wangu ameshazoea. Hunisubiri nimalize ndipo aendelee na habari yake.

Kuhesabu huko nilikuanzia Bujonde, Kyela, nikiwa na miaka tisa, wakati serikali ilipofungua milango ya biashara na magari ya mtumba yakaanza kufika mpaka kwetu. Baba yangu, mkulima wa mpunga na kakao, alipata pikapu nyeupe yenye mlango mmoja wa bluu, akajiona kazaliwa upya. Siku za gulio alikwenda nayo Lyulilo kuleta vyungu na samaki. Shida yake ilikuwa Bwana Sefu, mwenye duka mjini, ambaye wazee wake walitoka pwani. Naye alikuwa na pikapu, na kila walipokutana barabarani alimpita baba huku akimpungia mkono kwa adabu. Adabu hiyo ilimchoma baba kuliko matusi.

Nyumbani tulikuwa na wifi yangu, Tusekile. Kaka Lusajo alikuwa amemwoa, kisha akaenda Mbeya kutafuta kazi na kumwacha kwetu. Kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake wala hasemi naye. Wakikaribia kukutana, mwanamke ndiye anayetoka njiani, akajificha migombani au akageuka na kujifunika kanga mpaka mzee apite. Kanisani tulikwenda kila Jumapili, lakini jambo hilo hakuna aliyeligusa. Wifi alikuwa kwetu mwaka wa pili na hakuwahi kumwona baba usoni. Baba akiona mboga imezidi chumvi aliniambia mimi, na wifi yuko nyuma ya ukuta anasikia kila neno, kisha ilinibidi nizunguke nikamweleze upya.

Mtu wa miguu unamwona kwa mbali ukajificha. Gari ni jambo jingine, na njia ya kwenda mtoni ilikata barabara. Basi nikambunia wifi ujanja. Pikapu ya baba ilipovuka daraja, mbao zake ziligonga kwa kishindo kilichofika hadi kwetu, na tangu hapo mpaka ifike penye njia yetu nilihesabu arobaini. Nikamfundisha. Arobaini zilitosha kuvuka barabara, kutua ndoo, kuingia migombani na hata kufunga kanga upya. Alinishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, wifi. Sasa ninatembea kama mtu." Nikavimba kichwa wiki nzima.

Kisha baba akamwalika Bwana Sefu washindane mbio, akamwita fundi Gwakisa. Gwakisa aliitoa ile injini ndogo ya cc elfu moja na mia tatu, akaweka ya elfu moja na mia nane kutoka kwenye gari lililopinduka milimani, tena akaipeleka kwanza Mbeya kuchongwa silinda ili ziingie pistoni kubwa zaidi. Siku ya kuijaribu hakuna aliyekuwa na saa ya kupimia. Baba akasema, "Huyu mtoto anajua kuhesabu." Wakaniweka kando ya barabara, penye njia yetu, nikahesabu taratibu kama nilivyozoea. Mbao ziligonga, na gari lilinipita nikiwa nimefika ishirini na sita. Gwakisa alitaka kulijaribu tena kwa kuwa hakuniamini. Ikatoka ishirini na sita. Baba alinibeba begani, jambo ambalo hakulifanya tangu nikiwa mdogo kabisa. Breki zilibaki zile zile, na sikumsikia mtu akizitaja.

Habari ya ishirini na sita niliitangaza shuleni, kisimani na kanisani. Nilimwambia kila mtu aliyekuwa na masikio, isipokuwa wifi. Sikumficha. Kwangu yale yalikuwa mambo ya mashindano, na arobaini yalikuwa mambo ya nyumbani, wala sikuona yanavyohusiana.

Siku ya mashindano baba na Bwana Sefu waliondokea mjini, mwisho wao ukiwa ghala tupu la ushirika, mbele kidogo ya kwetu. Watu tulijipanga hapo ghalani. Nilisikia mbao za daraja na mlio ule mzito, nikaanza kuhesabu kwa sauti na watoto wenzangu wakaitikia. Tulipofika ishirini na tano nilimwona wifi akitoka kwenye njia ya mtoni na ndoo kichwani. Hakuwa akikimbia. Kwa hesabu yake alikuwa na nafasi tele. Alipoliona gari alifanya alivyofundishwa na mama yake: alijifunika kanga na kugeuza mgongo.

Pikapu ilimpiga nyongani, ikaserereka mpaka karibu na ghala. Wifi alikuwa hai, akilia kwa sauti ndogo. Baba alishuka, akaja mbio, halafu hatua chache kabla ya kumfikia akasimama na kumpa mgongo. Aliniita. "Mwambie apande gari nimpeleke hospitali."

Nilipiga magoti nikamwambia. Wifi akatikisa kichwa. "Siwezi, wifi. Ni tata," yaani baba.

Wanawake walimsihi, naye akazidi kuivuta kanga usoni. Bwana Sefu alikuwa ameachwa mbali hata akarudi mjini, fundi Gwakisa alibaki huko walikoondokea, na kati yetu pale aliyejua kuendesha ni baba peke yake. Kijana mmoja alipanda baiskeli kwenda kumwita Bwana Sefu. Gari lenye mbio kuliko yote Kyela likasimama hapo bila kazi, na baba kando yake, ameutazama mpunga wa watu. Bwana Sefu alipofika jua lilikuwa limeshashuka sana.

Nyonga iliunga vibaya. Kaka hakurudi. Wifi akabaki kwetu akiburuta mguu, na kwa kuwa hakuweza tena kukimbia, baba ndiye aliyeanza kujificha. Akimsikia anakuja aliingia kwenye kakao, mzee mzima, akasubiri huko. Pikapu iliota majani. Wazee na mchungaji walikuja kusema kwamba mwiko unaweza kufunguliwa kwa ng'ombe mmoja, baba na wifi wakaweza kutazamana na kusemezana. Baba alikataa. Wakamsifu kwa kushika mila, nami nikamsifu pamoja nao. Nilikuwa mtu mzima, mwenye makosa yangu, nilipotambua kwamba baba hakuwa akiilinda mila. Mila ndiyo iliyokuwa ikimlinda yeye.

Baba alipofariki, jeneza lilifunguliwa uani. Wifi alikuja taratibu, nimemshika mkono, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. Alikaa sana pale. Kisha akaniinamia sikioni.

"Tangu siku ile, aliwahi kukutuma neno kwangu juu ya mguu huu?"

Nikasema ndiyo, aliwahi.

"Alisema nini?"

Nilikuwa na miaka thelathini na moja, na maisha yangu yote nilikuwa nimepeleka maneno kati ya watu hao wawili. Nilitafuta neno la kumtungia, nikatafuta. Waombolezaji waliokuwa nyuma yetu wakaanza kutusukuma tusogee.