Sensa Haikusema Uongo

Nakumbuka asubuhi moja hapa Garissa, ndevu zangu zikiwa bado nyeusi, ukungu wa mto umepanda taratibu mpaka gereji ya Abti Dahir. Abti ni mjomba kwa Kisomali, mwanangu, na yeye ndiye aliyenifundisha ufundi.

Gari la Mama Halima lilikuwa mbele yetu. Lilikuwa likileta maziwa ya ngamia kutoka kwa wanawake wa njia ya Sangailu, na lilikuwa limeanza kukosa nguvu safarini. Maziwa yalifika sokoni yamechacha. Wale wanawake walishamwambia, yakiharibika tena watatafuta gari lingine.

Nilichomeka mashine ya kusoma hitilafu. Ikanipa namba ya hitilafu ya sensa ya oksijeni, ile inayopima moshi ndani ya ekzosi, bomba la kutolea moshi, na kuiarifu injini kama hewa imezidi au mafuta yamezidi.

“Sensa imekufa,” nikasema. “Tuagize Nairobi.”

“Waryaa, wewe kijana, maziwa haingoji basi ya Nairobi!” Mama Halima akafoka. “Ama utakunywa wewe hiyo yote?”

Abti akaniuliza polepole, “Sensa inasema nini?”

“Hewa imezidi.”

“Basi imekufa vipi na bado inaongea? Mtu akikuambia nyumba yako inavuja, unamzika?”

Mama Halima akacheka, nami nikatamani ukungu unifunike.

Abti aliniambia niwashe injini ingali baridi, kisha akaziba kidogo mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kizito, ili moshi utafute upenyo mwingine nasi tuusikie. Tukatega sikio. Dunia yote ilikuwa kama imelala bado. Ndipo nikasikia kitu kikipumua, ss, ss, pale ekzosi inapoungana na injini. Gasketi, ile pedi inayoziba maungio, ilikuwa imepasuka, na hewa ya nje ilipenya hapo kabla moshi haujafika kwenye sensa. Sensa ilikuwa ikisema kweli tupu, na injini kwa kuisikiliza ilizidisha mafuta mpaka ikakosa nguvu.

Tukaweka gasketi nyingine iliyokuwapo gerejini, tukafuta ile namba, tukaendesha hadi darajani na kurudi. Taa ya hitilafu kwenye dashibodi haikuwaka tena. Siku iliyofuata maziwa yaliingia sokoni yakiwa matamu.

Mwanangu, mashine ikikupa namba, ipokee kama mahali pa kuanzia. Tafuta panapovuja, kagua nyaya kama zimeungua, itazame sensa injini ikishapata moto. Ukimaliza hayo, ndipo uilaumu. Utakosea mara nyingi, na bado utakuwa fundi mzuri.

Mwenyezi Mungu akupe sikio tulivu, ainusuru mikono yako na ekzosi ya moto, na kila gari utakaloligusa liwafikishe watu wake salama. Amin.