Siku Aliyoiombea Lucien

Lucien alikuwa dereva wa taksi-moto, pikipiki ya abiria, pale Nyawera mjini Bukavu, mtu mrefu, mwenye miaka karibu arobaini, mkimya asubuhi na msemaji mchana. Alikuwa amesomea sheria hadi akahitimu. Aligonga milango ya ofisi zote za Bukavu akitafuta kazi, na kila mlango ulimwambia arudi wiki ijayo, mpaka siku shemeji yake aliposafiri akamwachia pikipiki yake.

Asubuhi moja, polisi wa barabarani aliyeitwa Blanchard alimsimamisha karibu na soko akamchomolea ufunguo. Alitaka kitu cha kunywa, kama kawaida. Siku hiyo Lucien alikuwa amechoka kutoa. Akasimama wima, akamtajia kifungu cha sheria kinachokataza jambo lile. Blanchard alimsikiliza hadi mwisho, kwa utulivu kabisa, kisha akamtwanga kitako cha bunduki mdomoni.

"Enda uandike na ile mu code yako ya sheria," akamwambia.

Jino la mbele lilianguka kwenye matope. Madereva wenzake walicheka, hata wale waliomhurumia. Lucien aliokota ufunguo wake, ambao Blanchard aliutupa chini, akameza damu, akampeleka abiria aliyekuwa akimngoja.

Tangu hapo ndipo ndoto ilipoanza kumtembelea. Ilimjia akiwa juu ya pikipiki, hasa kwenye milima ya Kadutu ambapo injini hulia na mtu hubaki na mawazo yake. Aliona majumba ya vioo kando ya ziwa yakiporomoka na kuzama pamoja na majenereta yake. Aliona ofisi zikiungua, na wale wakubwa wa wiki ijayo wakikimbia peku barabarani. Na baada ya moto kuzimika, alimwona Lucien, yeye mwenyewe, amesimama katikati ya avenue, barabara ya mtaa wao, akigawa unga kwa haki, akipanga walinzi wa usiku, akiamua kesi za majirani. Watu walimwita chef, mkubwa wao. Katika mji ulioanguka alikuwa na kazi, na katika mji uliosimama hakuwa nayo.

"Ianguke tu!" alikuwa akiwaambia wenzake wakingoja wateja. "Yote ianguke, tuanze bote ku zero!"

"Amina!" alijibu Gentil, kijana aliyeegesha pikipiki yake pembeni ya ile ya Lucien, na wote wakapiga vifua.

Nyumbani hakuthubutu kusema hivyo mara mbili. Mke wake, Mélanie, alizaliwa Luberizi, kule kwenye mashamba ya mpunga, na vita vilimkuta huko akiwa msichana mdogo. Mara ya kwanza aliposikia maneno yale aliacha kusonga bugali.

"Ile unaiita kuanza, mi niliiona," alisema. "Haikuanzisha kitu. Unafikiri ikianguka itauliza nani ni mubaya?"

"Hauelewi, Mélanie."

"Ndo vile. Sielewi."

Kisha, baada ya miaka, siku yenyewe ikaja. Waasi walikaribia, na wanajeshi waliokuwa wakilinda mji walianza kuondoka, wakifyatua risasi hewani, wengine wakivua magwanda wakiwa wanatembea. Milango ya gereza ikaachwa wazi. Kufika asubuhi, mabohari yalikuwa yanavunjwa. Lucien alisikia milio ile akiwa kitandani, na moyo wake, jambo ambalo hakumwambia mtu, uliruka kwa furaha.

Mélanie alimkamata shati mlangoni. Shati likachanika. Lucien akashuka nalo hivyo hivyo, kwa pikipiki, hadi Nyawera.

Pale sokoni watu walikuwa wamejaa kama siku ya sikukuu. Mtu alipita na kiti cha daktari wa meno kichwani. Vidonge vilikanyagwa mpaka lami ikawa nyeupe. Mwanamke mmoja alitoka kwenye bohari na gunia la unga mgongoni. Askari akamwambia aliweke chini, yeye akaendelea kutembea, na risasi ikampata shingoni. Akaanguka juu ya gunia. Unga uliloa damu upande mmoja. Watu walikuja wakazoa ule wa upande mwingine.

Lucien alipanda juu ya meza ya muuza samaki, akainua mikono.

"Bandugu! Tupange mustari! Kila mutu atapata!"

Hakuna aliyegeuka. Mtu alimvuta mguu akaangukia mbavu zake, na alipoinuka alikuta mikono yake imeshika dumu la mafuta ya kupikia, naye anamsukuma mzee mmoja kwa kiwiko ili asimpokonye. Mzee akaenda chini. Lucien hakumwinua.

Ndipo akamsikia Gentil. "Lucien! Kuja! Tumemupata!"

Walikuwa wamemzingira mtu kando ya mtaro. Alikuwa amevaa fulana ya raia, lakini viatu vya polisi vilimsaliti. Blanchard alikuwa amepiga magoti, sikio moja linavuja damu, mikono ameiunganisha kama anayesali. Madereva walimfungulia Lucien njia. Wote walikumbuka lile jino. Mtu akamtia mkononi chuma cha kufungulia magurudumu.

"Unanijua?" Lucien akamwuliza.

Blanchard alimtazama usoni. Alimtazama kwa bidii, kama mtu ambaye maisha yake yote yametundikwa kwenye jibu hilo.

"Papa, hapana," akasema. "Unisamehe, sikujui. Niko na batoto. Nilikukosea nini?"

Kama angesema ndiyo, labda Lucien angekiweka chuma chini. Miaka yote ile Lucien alilala na uso wa mtu huyu, akaamka nao, akaangusha mji mzima ndotoni kwa ajili yake, na mtu mwenyewe hakuwa na habari. Akampiga mdomoni. Alisikia meno yakivunjika kupitia chuma, mpaka kwenye kiwiko chake. Blanchard hakulia, alikohoa tu, akashika kidevu.

Lucien alikuwa ametaka pigo moja. Lakini lile pigo lilikuwa ruhusa. Mawe yakaja, halafu mbao, halafu kijana asiyemjua akaja amebeba tofali la saruji kwa mikono miwili.

"Imetosha!" Lucien akapaza sauti. "Ninasema imetosha!"

Alisema kwa sauti ile ile aliyowaitia watu wapange mstari, na vile vile hakuna aliyegeuka. Ubao ukampiga utosini, akaanguka mtaroni. Alipotambaa kutoka, watu walikuwa wameshakimbilia bohari nyingine, na Blanchard hakuwa tena na uso wa kumkumbusha mtu yeyote.

Njiani kurudi, wanajeshi wawili waliokuwa wakikimbia mji walimwelekezea bunduki na kudai pikipiki. Lucien akawapa ufunguo. Hakutaja kifungu chochote.

Mélanie aliiona damu kabla hajaiona sura yake.

"Blanchard amekufa," Lucien akasema. "Ule mupolisi."

"Nani alimuua?"

Lucien akakaa kwenye kigoda, akatazama mikono yake. Mélanie alipoelewa, alimpiga kofi kwa nguvu zake zote, kisha la pili, kisha akaegemea ukuta akihema.

"Kaka yangu Patrice alilala mu mupunga mpaka imbwa zikamukuta," alisema. "Sababu wenye kumuua walikuwa majirani. Walikuwa na haya ya kumuokota. Wewe utamuokota ule mutu."

"Mélanie, watanijua."

"Utamuokota."

Kulipokucha milio ilikuwa imepungua. Wanajeshi wa waasi walikuwa wanaingia mjini kwa safu, kimya, na watu waliwatazama kupitia nyufa za madirisha. Lucien na Mélanie walishuka na blanketi. Blanchard alikuwa pale pale, amevuliwa vile viatu. Walimviringisha, wakambeba, mmoja miguuni na mwingine kichwani, wakipanda Kadutu kwa ngazi za udongo na kuuliza njia ya nyumbani kwake. Mara mbili Lucien aliteleza, na mara mbili kichwa kile kilimgonga kifuani.

Nyumba ilikuwa ya mbao, yenye bati lililofungwa kwa mawe. Mke wa Blanchard, Aimée, alifungua blanketi mwenyewe. Alilia mlio mmoja mfupi, akalifunga tena, akalipapasa kama anayemfunika mtoto asipate baridi.

"Nani alimufanyia hivi?"

Lucien alimtazama Mélanie. Mélanie hakumsaidia.

"Batu," akasema. "Batu wa ku soko."

"Ulikuwa pale?"

"Nilikuwa pale, Maman."

"Na hakuna mutu alisema kitu?"

"Mi nilisema imetosha."

Lilikuwa neno la kweli. Aimée aliingia ndani, akatoka na kopo la maji, akammwagia Lucien mikononi yeye mwenyewe, akisugua damu iliyoganda kati ya vidole vyake.

"Aksanti, Papa," alisema. "Bengine banapita tu."

Mji ukafunguka tena, kwa shingo upande. Sasa askari wapya walisimama njia panda na kushika funguo za pikipiki. Lucien alipata pikipiki ya kukodi akarudi kituoni. Siku moja Gentil alianza tena: hata hawa nao wataanguka, na siku hiyo patakuwa moto zaidi. Kabla hajamaliza, Lucien alikuwa amemlaza chini anamkaba koo, na ilibidi wanaume watatu wamtoe. Toka hapo, yeye akiwepo, mazungumzo yalikuwa ya mpira na bei ya mafuta ya essence.

Mélanie alizoea kumpelekea mjane maharagwe Jumamosi. Lucien hakwenda naye kamwe. Lakini mjane alikuja Nyawera mwenyewe, alasiri moja yenye mvua nyepesi, na katika madereva wote waliomwita akamchagua yeye, kwa sababu alimjua. Alipanda nyuma, akamshika bega.

Mlimani, injini ikilia, aliongea karibu na sikio lake. Alisema watoto wanamwuliza baba yao. Alisema marehemu hakuwa mtu mbaya nyumbani.

"Alichoka tu, Papa. Ile kazi ilikuwa inamuharibu, na mushahara ulikuwa hauji. Akirudi mangaribi alikuwa anakaa pale mulangoni, anaangalia ziwa, anasema: siku moja yote itaanguka, Aimée, ndo hapo na miye nitapumzika."

Gurudumu liligusa ukingo wa mtaro. Lucien alibana breki, injini ikazima katikati ya mlima, na magari nyuma yao yakaanza kupiga honi.

"Tumefika?" Aimée akauliza, akiwa amejifunika kitenge usoni kwa ajili ya mvua.

"Bado, Maman," alisema Lucien. Akakanyaga kiki mara ya kwanza, haikushika. Akakanyaga tena.