Wathome na Bonde la Kaseti Tatu

Nina jambo la kuwaambia, wapwa zangu, na najua mtakataa kabla sijafika nusu. Mimi Jackton, mjomba wenu, nimewahi kumuuzia fundi wa baiskeli baiskeli isiyokuwa na cheni, akaamini kwamba ndivyo zinavyotengenezwa siku hizi. Nimewahi kuwaambia wasichana wa Kaloleni kwamba filimbi ya treni ya Mombasa napuliza mimi kwa mdomo, wakaamini. Uongo wangu wote umeaminiwa. Hii ya leo ni kweli tupu, na ndiyo hakuna mtu ameiamini hata siku moja: kwamba hapa mtaani Mbotela, mwaka wa tisini na saba, mtu mzima mwenye suti alifungua faili kama za serikali kwa ajili ya mji ambao haupo duniani.

Jina lake Wathome. Mkamba wa Mwala, mwembamba, mrefu, anayetembea kama mtu aliyebeba sinia ya vikombe. Alikuwa karani wa faili katika ofisi moja mjini ambayo sitaitaja, mpaka ofisi hiyo ikasema inapunguza watu. Sijui kwa nini wanasema kupunguza. Wathome hakupunguzwa, aliondolewa mzima mzima.

Mkewe Ndunge alivumilia mwaka. Halafu akafunga vyombo, akachukua watoto, akarudi Mwala. Hakugomba. Alisimama mlangoni akamwambia, nami nilikuwepo nikisaidia kubeba godoro:

“Baba Kaluki, siku utakayopata meza ya kazi, hata iwe meza ya aina gani, niite nitakuja. Lakini kukaa hapa nikutazame ukitazama ukuta, hapana.”

Basi Wathome akaanza kutafuta meza. Kila asubuhi alivaa suti, akaenda mjini, akarudi saa sita viatu vikiwa vyeupe kwa vumbi. Na kwa kuwa mtu hawezi kurudi kwa nyumba isiyo na mtu saa sita mchana akabaki na akili zake, alianza kupitia kwa Mama Opiyo.

Mama Opiyo ni jirani yetu, jina lake hasa ni Awiti. Sebule yake aliikata katikati kwa pazia. Nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda, jiko na harufu ya dagaa wa omena. Mbele kulikuwa na TV, mashine ya gemu, na benchi mbili zilizojaa makanga wa matatu wa zamu ya jioni, watu wa reli walio likizo, na mimi. Kaseti zake tatu za gemu zilitoka soko la mitumba la Gikomba, ndani ya robota la nguo za watoto. Moja ya kijani, moja ya manjano, moja ya kijivu. Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani, hata ndani ya gemu. Shujaa akikutana na mzee barabarani, mzee anaongea weee, nasi tunabonyeza tu mpaka anyamaze.

Katika kubonyeza hakuna aliyenishinda. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuvuka mto. Mtasikia dereva mmoja wa Makadara akidai ni yeye. Mwacheni aseme, yule hata mlango wa choo humshinda.

Wathome hakugusa kitu. Alikaa nyuma, mikono magotini, tai imenyooka. Siku moja, mimi nikiwa katikati ya kupigana na mbwa mwitu wa kaseti ya kijivu, akasema, “Simamisha hapo.”

“Nisimamishe mbwa?”

“Simamisha, Jackton. Huo mlima wenye meno mawili. Uko pia kwa kaseti ya kijani.”

Tukacheka. Yeye akainuka, akaweka kidole juu ya kioo cha TV. “Mto unakunja kulia chini ya mlima. Kwa kijani unakunja kulia. Kwa manjano unakunja kulia. Hili ni bonde moja. Miaka ndiyo tofauti.”

“Omera, ndugu yangu, hizo ni picha tu. Mtu amechora,” nikamwambia.

“Hata Mbotela kuna mtu alichora kwanza,” akasema, akarudi kuketi.

Tulichomoa kaseti, tukaingiza nyingine, tukatembeza shujaa mpaka chini ya ule mlima. Kweli. Soko pale pale, kisima pale pale, daraja pale pale. Katika kaseti ya kijani soko limejaa watu, maua yanapanda ukutani, daraja lina kingo za mawe. Katika ya manjano watu ni wachache, daraja nusu ni mbao. Katika ya kijivu hakuna daraja, kuna nguzo mbili majini, na pale sokoni wamelala hao mbwa wangu.

Kesho yake Wathome alikuja na majalada ya kaki, yale yaliyotupwa na ofisi siku moja na yeye. Kila mahali pakapata faili yake. Sheria ilikuwa hivi: anayefika mahali kwa mara ya kwanza anasimama na kutoa jina, na jina halithibitiki mpaka Mama Opiyo aseme “sawa” kutoka nyuma ya pazia. Ndiyo maana kuna Daraja la Jackton. Kulikuwa na Kisima cha Chumvi, Lango la Makanga, na pango moja tuliloliita Kwa Mama Mkwe kwa sababu ukiingia hutoki. Ndani ya faili kulikuwa na karatasi ya enzi ya kwanza, ya pili na ya tatu, na chini ya kila moja Wathome aliandika kwa mwandiko wa ofisi: angalia pia faili ya Kisima, angalia pia faili ya Lango. Mtu akibishana, Wathome hakubishana naye. “Andika ulichoona, ulete, nitaingiza. Mwenzako akiona tofauti, naye alete.” Halafu wote wawili wanarudishwa kwa mashine kuonyesha. Watu walianza kuja kutoka mitaa ya Jericho na Makongeni, si kucheza, kuomba faili. Yaani unakwama kwa Lango la Makanga, unamwendea Wathome, anafungua, anakusomea njia kama daktari.

Na enzi je, alizipangaje? Hapo ndipo nataka mnisikilize. Hatukubishana hata kidogo. Kijani kwanza, manjano katikati, kijivu mwisho. Nani angeuliza? Sote tulizaliwa kwenye nyumba hizi au tuliletwa tukiwa wadogo. Baba yangu alipopewa nyumba hapa, taa za nje ziliwaka, mfereji ulikuwa na maji, na alikuwako mtu wa kupaka milango rangi. Halafu yule mtu wa rangi akaacha kuja. Halafu taa. Halafu maji yakaanza kuja siku yanapojisikia. Kwa hiyo Wathome aliandika na sababu: “Daraja la Jackton. Enzi ya kwanza, imara. Enzi ya pili, fundi aliacha kuja, mbao zikawekwa kwa muda. Enzi ya tatu, mbao ziliibwa usiku.” Ndani ya gemu hakuna aliyetuambia habari za fundi. Lakini fundi huyo tulimjua sote, na tuliposomewa tulitikisa vichwa.

Sasa akatokea Roble. Huyu ni Msomali kijana, mpole, mwenye duka la vyombo vya umeme, na alikuwa anafungua ukumbi wa gemu kule mtaa wa Tena, wenye mashine ukuta hadi ukuta. Alikuwa amesikia habari za faili. Akaja kwa Mama Opiyo, akaketi kwenye benchi yetu na suruali yake safi, akasoma faili moja baada ya nyingine. Mwishowe akamwambia Wathome:

“Mzee, watu wakikwama wanachoka, wanaenda nyumbani. Mimi nataka mtu akae mlangoni na hizi. Mtu akikwama, aje kwako. Njoo Jumamosi na faili zote. Meza ipo.”

Alisema meza. Nilimwona Wathome akinyoosha tai. Jioni hiyo hiyo alimtuma dereva wa basi la Mwala ampelekee Ndunge salamu: asubiri habari baada ya Jumamosi, na Kaluki asiandikishwe shule ya huko kwanza.

Jumamosi tulienda. Suti ilikuwa imepigwa pasi mpaka inang'aa kwenye magoti. Mimi nilibeba boksi la faili kichwani kutoka Mbotela hadi Tena bila kupumzika, na njia nzima watu walidhani nimehama. Ukumbini rangi ilikuwa bado inanuka. Na kweli, kando ya mlango kulikuwa na meza. Meza yenyewe, ya mbao, ina droo, na kiti chenye mto. Wathome alivuta droo kidogo, akairudisha.

“Karibuni, wazee,” Roble akasema. “Nimeletewa kaseti za Kiingereza kutoka Dubai. Gemu ni ile ile. Leo tutasoma wanachosema.”

Akaweka ya kijivu. Ikaja picha ya magofu na mbwa mwitu, halafu maneno. Roble akayasoma na kututafsiria: hapo mwanzo bonde lilikuwa ukiwa. Vita vilikuwa vimepita. Watu wachache walirudi wakaanza kutafuta mawe.

Wathome akakaribia TV. “Hapo mwanzo?”

“Ndivyo wameandika.”

Akaweka ya manjano: watoto wa wale watu wanajenga daraja kwa mbao. Akaweka ya kijani: wajukuu wao, sasa daraja ni la mawe, na leo ni sikukuu ya maua.

Mimi nikakohoa, maana ndiyo kazi yangu mambo yakiharibika.

“Hapana,” Wathome akasema. “Hapo wamekosea.”

“Mzee, wao ndio walioitengeneza.”

“Wewe Roble umekaa Eastleigh tangu utoto. Umewahi kuona wapi? Mahali pameoza, halafu watu wale wale, mahali pale pale, pakawa pazuri? Nionyeshe mtaa mmoja. Nami nitaondoka sasa hivi.”

Roble alifikiri kweli. Kwa hilo nitamheshimu. Alifikiri mpaka nikaona anataabika.

“Hii ni gemu, mzee,” akasema polepole.

Halafu akatoa kitabu kidogo kilichokuja na kaseti. Ndani kulikuwa na ramani ya bonde, yenye rangi, kila mahali na jina lake, enzi zote tatu zimepangwa. Daraja la Jackton lilikuwa na jina la mfalme fulani. Roble akakiweka juu ya meza, nayo haikuhitaji mtu tena. Laiti angekuwa mtu mbaya! Mtu mbaya unamtukana, unaenda zako umeshiba. Yeye alitupa soda na kumwambia Wathome aje kucheza bure siku yoyote atakayo. Kumwambia Wathome, ambaye hajawahi kubonyeza kitu.

Njiani nikamwambia, “Omera, si ugeuze tu? Ya mwisho iwe ya kwanza. Kazi ya asubuhi moja. Umrudie Roble.”

“Nigeuze nini, Jackton? Karatasi zitageuka. Na sababu?”

Nilidhani ni maringo ya karani. Lakini alijaribu. Alifungua jalada jipya, akaandika kwa ule mwandiko wake: “Daraja lilitengenezwa kwa sababu.” Kalamu ikasimama hapo. Siku ya pili ikasimama hapo. Akaja kwa Mama Opiyo akatuuliza sote kwenye benchi, kwa heshima kabisa, mwenye sababu ailete ataingiza. Makanga mmoja akasema labda wafadhili. Wathome akasema kwa gemu hakuna wafadhili, tumezunguka bonde lote.

“Labda kulikuwa na uchaguzi,” Mama Opiyo akasema kutoka nyuma ya pazia.

“Na baada ya uchaguzi, Mama Opiyo?”

Tukasikia anakoroga sufuria. “Baada ya uchaguzi sijui, baba.”

Dereva wa basi alirudi na swali la Ndunge, neno moja tu: meza? Wathome akamwambia aseme bado. Akarudi tena, bado. Sasa dereva akimwona stendi anapiga honi na kupita. Kaluki ameandikishwa kule kule Mwala. Vijana wa benchi wamehamia Tena kwa Roble, na pale wakikwama wanafungua kile kitabu wenyewe. Mama Opiyo ameiuza mashine, ameweka cherehani. Wathome bado huvaa suti, ila siku hizi mjini hafiki. Anafika hapa kwa Mama Opiyo, anakaa kwenye benchi iliyobaki, faili magotini, juu kabisa lile jalada lenye sentensi isiyoisha.

Hata sasa yuko hapo, nawaandikia haya nikimsomea kwa sauti. Mama Opiyo ameinua mguu kwenye cherehani asikilize. Na mimi siwezi kuwaacha hivyo, wapwa zangu, mkaenda kulala na huzuni kama ya mahubiri ya Ijumaa Kuu. Mjomba wenu hamalizi hivyo. Kwa hiyo jueni kwamba juzi, mchana kweupe, gari la Roble liliingia Mbotela likipiga honi, jipya, na lori nyuma yake, na juu ya lori ile meza, imeshikwa na wanaume wanane, na watu wote wa Jogoo Road wamejaa kutazama, na mbele kwa lori ameketi Ndunge amebeba mtoto, anacheka, na Roble akashuka, akavua viatu, akapiga magoti hapa hapa mlangoni akasema, Mzee Wathome, tumesoma tena, ni kweli wao ndio waliokosea, mji huanza mzuri, njoo uketi, na Ndunge naye akaruka chini akaja mbio mpaka kwa—

“Jackton,” Wathome akasema, bila kuinua macho kutoka kwa faili. “Ndunge alikuja lini?”