Matembezi Bila Daftari

Baba mdogo alinirarulia daftari mbele ya wakata miwa wake, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumkanya. Nilikuwa nimesimama kwenye kijia kinachotenganisha shamba la marehemu baba yangu na lake, huku kwetu Kabras, nikichora kwa penseli mikonge iliyopandwa mpakani. Yeye aliamini ninapima ardhi.

"Kila asubuhi nakuonanga ukichora mpaka," alisema. "Msichana harithi hapa, hata uandike vitabu kumi."

Msichana! Nina miaka hamsini na mmoja. Nilifundisha shule mjini Kakamega tangu ujana wangu, nikiishi nyumba ya kupanga mtaa wa Amalemba, na nilipoachana na mume wangu nikarudi kumuuguza baba. Baba alipofariki, nikabaki. Kosa langu ni hilo tu. Binti aliyerudi kwao akaonekana kando ya miwa na daftari mkononi, kwa huyu bwana, tayari amekuja na wakili.

Mimi nilikuwa na shida nyingine kabisa. Nilitaka kuchora picha moja ya kweli kabla sijazeeka, na bila matembezi yangu ya kila asubuhi, kushuka mtoni kwa kijia kile na kurudi, mkono wangu haukuwa na la kusema. Njia ile ndiyo ilinilisha. Angeifunga, basi mimi na uchoraji tungeachana.

Kesho yake nilipita tena, mikono mitupu. Nilipita kwa jeuri, sitadanganya. Nikamwamkia, akatema mate.

"Pita," alisema, panga mkononi. "Lakini ukisimama tu, tutaonana."

Basi nikawa natembea bila kusimama, wiki baada ya wiki, macho yake yakinichoma kisogoni. Huwezi kuhesabu jani mojamoja ukitembea hivyo. Unaondoka na vitu vichache tu: wekundu wa udongo, moshi wa miwa iliyochomwa, hasira yako mwenyewe. Nilivikariri njia nzima kama mtoto aliyetumwa dukani, nikifika nyumbani navimwaga kwenye plaiwudi kabla havijanitoka. Brashi ilinichelewesha, nikaanza kupaka kwa mwiko wa ugali uliovunjika, na rangi ile ile ya mafuta inayopakwa kwenye mageti. Michoro yangu ya zamani ilikuwa safi na haina uhai. Nimewafundisha watoto wa watu kuchora namna ile kwa miaka mingi, Mungu anisamehe. Sasa rangi ilisimama nene juu ya ubao, nyekundu na nyeusi, na kwa mara ya kwanza nikaona kitu kinachofanana na nilivyojisikia. Dada yangu alipokuja kunitembelea aliuliza nimemwaga nini.

Chuki ya baba mdogo ndiyo iliyonifikisha hapo. Simshukuru, na sitamshukuru.

Hakuridhika. Alikwenda kwa naibu wa chifu kudai kwamba ninachora ramani za shamba lake nyumbani kwangu, akaomba ruhusa ya kuilima njia ile apande miwa. Nikaitwa ofisini na kuamriwa nije na hizo ramani. Nilifunga mbao tatu nyuma ya pikipiki, damu ikinichemka njia nzima.

Naibu wa chifu alizigeuza juu chini, kisha ubavu.

"Mwalimu, hii ni nini? Mimi naona matope."

Watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Baba mdogo hakucheka. Alivaa miwani yake, akauinamia ubao mmoja, akakaa hapo muda mrefu hadi naibu akakohoa. Nilijua anatafuta ile mikonge ya mpakani, na nilijua haimo. Kidole chake kikapita juu ya weusi bila kuugusa.

"Hii sio matope," alisema. "Hii ni kule kwangu chini, karibu na mto. Ile asubuhi moto ya kuchoma miwa ilinishinda. Hapa ndio moshi ilipandia. Hata ile baridi iko."

Hata ile baridi iko! Wenzangu walimu, dada yangu, mume niliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi na minane, hakuna hata mmoja aliyewahi kuitazama kazi yangu namna hiyo. Nilitaka kumuuliza ameionea wapi baridi, ni rangi gani iliyomwambia. Nikamwonea uchungu huyu mzee niliyekuwa nimemwombea mabaya tangu masika.

"Umesikia, mwalimu?" naibu aliuliza. "Hii ni shamba yake?"

Wote walikuwa wananitazama. Nikikubali, njia imekwenda.

"Ni matope," nikasema. "Mimi najifurahisha tu na rangi."

Naibu akafunga faili na kusema kesi imekwisha, njia ibaki wazi. Baba mdogo alivua miwani polepole.

"Muongo wewe," aliniambia kwa sauti ya chini. "Unajua ni kwangu."

Alisema kweli, nami nikabeba mbao zangu nikaondoka. Hadi leo natembea kila asubuhi kabla ya mvua, na hadi leo akiniona anaigeuzia miwa uso. Ubao mpya ukikauka, mtu ninayetaka auone ni yeye peke yake. Namchukia kwa hilo.