Maji ya Mji wa Baba

Mwezi uliopita mvua ilitukuta harusini Bladensburg, huku Marekani, tumekaa chini ya turubai. Turubai likalowa, na harufu ile ya kitambaa kizito kilichokunywa maji ikanifikia, nikaweka sahani chini. Mjukuu wangu akaniuliza kwa Kiingereza chake kama naumwa. Nikamwambia ale pilau yake.

Siumwi. Mimi niliishia darasa la tatu, nikasugua vyoo vya maofisi ya watu mpaka nikawa na gari zangu za usafi kule Manassas. Sibabaishwi na harufu. Lakini hiyo ilikuwa harufu ya mifuko ya maji ya turubai, ile ambayo madereva wa zamani waliining'iniza mbele ya lori ipoe kwa upepo. Baba yangu alikuwa nayo minne.

Alipeleka sukari na vitambaa, kutoka Mombasa hadi kaskazini. Hakuwa msomi, hata barua aliandikiwa. Ila alikuwa na mji wake. Jangwani, ng'ambo ya Marsabit, aliwahi kuona ukuta wa mawe ukichomoza mchangani baada ya upepo, na tangu siku hiyo akashikilia kwamba pale kuna mji wa watu wa kale, waliofukiwa kwa kiburi chao. Mawe yale aliyachora kwenye daftari langu la shule. Madereva wenzake wakamwita Meya. "Meya, mjini kwako bado mnauza viwanja?" Alicheka nao. Nyumbani hakucheka.

Nilipokuwa na miaka tisa akatuhamishia kaskazini, afungue duka. Sote tulikaa mbele: yeye, Mama mwenye homa, mimi, na Hamza mdogo wangu, bado ananyonya. Baba akaacha njia ili atuonyeshe mji. Ukuta niliuona kweli, wanifika kiunoni, na kando yake kisima. Tukaongeza maji mifuko yote, nami nikajaza chupa yangu ya soda.

Tulikuwa tumeenda kama saa nzima Baba aliposimamisha lori. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, sote tulifundishwa: Mtume alipopita kwenye magofu ya watu walioangamizwa, aliwaamuru swahaba zake wamwage maji waliyoteka pale. Baba akashuka, akamwaga mfuko mmoja baada ya mwingine.

Mama akasema, "Baba Hamza, mtoto."

"Mji ni ule," akajibu. "Maji yake si ya kunywa."

Kabla ya jua kuchwa rejeta ikachemka, lori likazima. Tulikaa siku mbili. Maziwa ya Mama yakakauka. Hamza akalia mpaka akawacha kulia, na hapo ndipo nilipoogopa. Chupa ilikuwa chini ya gauni langu. Nilikuwa na hakika nikimpa yale maji atageuka jiwe. Nikampa. Nilichovya ncha ya leso nikamfinyia mdomoni, tone kwa tone, na Baba yuko papo hapo kwenye usukani. Akageukia dirishani, akaanza kusoma Yasini kwa sauti, midomo imempasuka. Nikajua Mungu amenificha.

Wafugaji wa ngamia ndio waliotukuta. Mzee wao akauliza maji yalikwishaje, na Baba akamweleza. Yule mzee akamtazama sana.

"Kisima kile tulichimba mimi na ndugu zangu. Ukuta ni wa mbuzi."

"Mlikichimbua tu," Baba akasema. "Kilikuwepo."

Mpaka anazikwa alisimulia hivyo: alimwaga maji, na Mungu akamhifadhia mwanawe. Hamza, mzee wa ndevu nyeupe sasa huko Wheaton, husimulia hivyo hivyo, kwa machozi. Nyinyi nawaambia, yeye sijamwambia.

Nilielewa nilipoanza kuendesha gari mwenyewe, wafanyakazi wamebanana kando yangu. Dereva huona kila kitu, hata mkono unaoingia mfukoni. Baba aliniona. Na mtu anayeamini kwamba maji yana laana angeninyang'anya ile chupa. Yeye alinipa kisogo nimalize. Hakuyaogopa maji yale hata kidogo. Ya kisima cha mbuzi mtu hunywa. Ya mji ulioangamizwa ndiyo humwagwa. Alitaka mji, na sisi ndio tuliokuwa ndani ya lori.