Tawi kwenye Njia ya Pangoni

Kosa langu la kwanza lilikuwa kusafisha njia. Naliweka hapa mwanzoni kwa sababu habari hii nimeshaiandika mara nyingi, na kila mara nililificha katikati, ndani ya sentensi nzuri.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Vita vilipofunga shule yetu nilijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vilivyoloa maji nilivyookota parokiani. Mama alitoka upande wa Butembo, akauza vitenge Sake, na mimi nilikulia sokoni. Sikuwahi kulima. Milima ya Masisi niliijua kwa kuitazama.

Kaka yangu alikuwa amekwenda Ntoto, huko Walikale, kununua mafuta ya mawese. Miezi miwili ikapita bila habari. Mama akaamua kupanda kwenye pango la mlimani kumwombea. Wanasema Wahunde wa zamani, wenyeji wa milima hii, walipeleka mbegu zao humo kabla ya kupanda. Baadaye mapadri waliweka sanamu ya Bikira Maria. Halafu watu waliokimbia vita wakalala humo, na moshi wa vyungu vyao ukauacha uso wa sanamu mweusi.

Tulianza kupanda asubuhi: mama, wenzake wawili wa sokoni, na mimi. Goti la mama lilikuwa bovu. Kila baada ya hatua chache alisimama, nami niliona saa zikipotea.

"Mama, tukienda hivi tutafika jua kali."

"Tangulia basi. Utamukuta Bikira angali analala, umupikie chai."

Mwenzake mmoja akacheka. "Huyu? Atamupangia mishumaa na rula!"

Kweli nilikuwa na rula mfukoni. Nilitangulia kwa hasira, nikiwa na panga. Nilikata miiba, nikatupa mawe pembeni, nikaokota hata maganda ya ndizi. Nilitaka njia iwe kamili.

Nikafika njia panda. Njia ya kuume ilizunguka mbali, kupitia mianzi. Ya kushoto ilikuwa fupi, yenye ngazi za udongo zilizochimbwa na mahujaji, nafuu kwa goti la mama. Lakini ya kushoto ilikuwa imelazwa matawi matatu mabichi ya kangaga, yamepangwa sawasawa, na jiwe juu yake. Niliwaza: nani anaacha uchafu mahali patakatifu? Nikayatupa korongoni, nikalisukuma jiwe. Majani yaliyobaki niliyafagia kwa mguu, nikapita.

Pangoni maji yalidondoka kutoka juu, tone moja moja. Nilipima nafasi kati ya mishumaa mitatu, nikaketi. Nilikasirika kwanza kwamba wanachelewa. Hilo nalo nakiri. Nilimkasirikia mama kwa muda mrefu kabla sijaanza kumhofia.

Niliposhuka, njia ilikuwa tupu. Pale njia panda alisimama mwanamke mkulima na jembe begani, anatazama korongoni.

"Ni nani alitosha majani hapa na kuyatupa kule chini?"

"Majani gani, Mama?"

"Bwana yangu njo alifunga hii njia asubuhi. Batu ya bunduki beko kule juu, banatafuta batu ya kubebesha mizigo. Ukiona majani na jiwe, unajua kama njia imefungwa. Hata mutoto anajua." Akanitazama. "Sasa hivi nilisikia wamama wanalia. Weye ulipita wapi, kaka?"

"Kuume," nilisema.

Nilikuwa nimepita kushoto, muda mfupi kabla ya wale watu kushuka.

Wale wenzake wawili wa mama walirudi siku ya nne, miguu imevimba. Mmoja wao ni mzaliwa wa Masisi. Alinikalisha uani kwake akanieleza bila kupandisha sauti.

"Niliona majani kule chini korongoni, mabichi bado. Nikasimama. Nikamuambia mama yako: hii njia iko ya kufungwa. Akasema: 'Mutoto wangu njo ametosha. Yule hatoshi kitu bila kuhakikisha. Twende.'"

Walibebeshwa magunia kuelekea Walikale. Siku ya pili goti la mama lilikataa kabisa, akakaa chini kando ya njia. Wao waliamriwa kuendelea na kutogeuka. Hawakugeuka. Ndiyo yote tunayojua. Hatuna kaburi.

"Ni weye ulitosha?" aliniuliza.

"Hapana, Mama."

Mwezi uliofuata kaka alishuka kwenye pikipiki mbele ya nyumba, na madumu mawili ya mawese, anacheka. Njia ya Ntoto ilikuwa imefungwa tu, alisema, naye na wasafiri wenzake walikaa kungoja. Kwenye kizuizi kimoja askari walikuwa wamemchelewesha tena, na aliigiza namna walivyomhoji huku akivua koti. Kisha akaita mlangoni, "Mama! Mutoto wako amefika!" Mimi nilikuwa ndani. Akaita tena.

Pango sasa limefunikwa na vichaka. Hakuna anayepanda.

Mwaka huu nimewaambia kaka na yule mama wa Masisi kwamba ni mimi niliyeyatoa yale majani. Yule mama alisema alijua tangu siku ile. Kaka hajanijibu mpaka leo. Rula sibebi tena. Nikitembea na mtu mwenye mguu mbovu, natembea nyuma yake, na nikikuta kitu kimelazwa njiani, sikigusi. Nangoja mwenyeji apite, namuuliza.